Mandazi na Kiti Kilicholowa

Nyinyi mnaobaki kwenye stoo ya chanjo mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Nimestaafu mimi, kichwa changu bado kiko kazini. Vyeo sitaviandika, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ni huohuo mnaoulalamikia nyinyi. Nitaandika juu ya barafu, juu ya Mzee Drani aliyenifundisha kazi, na juu ya gari langu Mandazi, ambalo baadhi yenu mmelisukuma. Aliyelisukuma anajijua kwa mgongo.

Kwa wale wapya: naitwa Rukia. Nimezaliwa Arua, kwetu ni Wanubi, baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili cha nyumbani kilikuwa cha kambini na sokoni. Hiki ninachoandikia nilikipata baadaye kwa redio na vitabu, basi mtu asinicheke akinikuta barabarani naongea kile kingine. Kile ndicho kilichonilisha.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Stoo ya chanjo ya Arua wakati huo ilikuwa chumba kimoja, friji nne, friza moja na Mzee Drani. Alikuwa Mlugbara wa upande wa Kuluva, mrefu, mkimya, mtu wa kukuangalia mpaka ujisikie umevaa shati kinyume. Aliviangalia viatu vyangu. Akafungua friza, akatoa pakiti moja ya barafu, zile za plastiki ngumu, bapa, kubwa kama daftari, akaniwekea mkononi.

"Hii iko tayari ama haiko tayari?"

"Iko tayari, Mzee. Iko ngumu kama jiwe."

"Ah-ah. Kama iko ngumu namna hiyo, inaua. Weka kwa meza. Ngoja."

Tukangoja. Yeye ameketi, mimi nimesimama kwenye visigino vyangu, tunaiangalia pakiti kama watu wanaongoja mgonjwa azinduke. Baada ya muda mrefu ikaanza kutoka jasho. Maji yakachuruzika mezani. Mzee akaiinua, akaitikisa karibu na sikio lake, halafu karibu na langu. Ndani, pembeni mwa barafu, nikasikia maji kidogo yakicheza: chwa, chwa.

"Umesikia? Sasa ndiyo iko tayari."

Nikadhani mzee ana mambo yake. Akanieleza mara moja tu, hakurudia tena katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Watu wanadhani chanjo inaogopa joto peke yake. Ziko zinazoogopa joto, ni kweli, lakini ziko zinazokufa kwa baridi. Ukizifungia kwenye sanduku pamoja na pakiti zilizotoka friza moja kwa moja, zinaganda, na zikiganda zimekufa. Haziozi, hazinuki. Ukiziacha ziyeyuke, kwa macho ya haraka ni zilezile. Utamchoma mtoto, atalia, mama atakushukuru, utaandika kadi, na ndani ya mtoto hakuna kitu. Utakuja kujua siku kifaduro kikipita kijijini. Mzee Drani aliliita kosa lisilolia.

Tangu siku ile salamu yake kwangu ilikuwa moja. Haikuwa habari ya asubuhi wala habari ya watoto. "Umetingisha?" Nami najibu, "Nimetingisha, Mzee." Siku moja nilimpelekea chai, akauliza kama nimetingisha, nikatikisa kikombe sikioni mwake. Hakucheka mbele yangu, lakini aliyekuwa mlangoni aliniambia alicheka nilipotoka.

Baadaye nikahamishiwa Koboko kusimamia stoo ndogo ya huko. Chanjo zinatoka Arua, mimi nazipokea, nazipeleka Midia, Lurujo na kwingine ambako barabara inakwenda inapotaka. Pikapu ya ofisi ilikuwepo. Ilikuwepo gereji. Pikipiki ilikuwepo pia, nikaanguka nayo mara mbili, na mara ya pili sanduku la chanjo lilinikalia juu. Hapo nikasema basi, nanunua gari langu mwenyewe, hata kama ni dogo namna gani.

Lilikuwa dogo. Milango miwili, rangi ya kahawia iliyoiva sana, mviringo mbele na nyuma. Aliyeniuzia alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, Mkongo, anayerudi kwao Aru ng'ambo ya mpaka. Aliligonga boneti kwa upendo.

"Mama, hii motokari eko na roho ya muzuri. Mutu moja tu ndiye aliendesha, ni mimi. Haiko na matatizo."

"Mbona usukani uko kushoto?"

"Kwetu ndiyo kulia," akasema, na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Hapa Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani uko kulia. Mandazi, aliyetoka Kongo, usukani wake uko kushoto, yaani dereva ameketi ukingoni karibu na nyasi, na abiria ameketi katikati ya barabara. Ukitaka kupita lori huoni mbele. Abiria ndiye anaona. Kwa hiyo Mandazi hakuendeshwa na mtu mmoja, aliendeshwa na wawili, na wa pili wangu alikuwa Sista Poni.

Poni ni Mkakwa wa Midia, muuguzi, mfupi, sauti kubwa. Tulikwenda naye kuchanja kila kijiji. Akiketi kwenye kile kiti cha kulia anakuwa macho yangu: "Ngoja. Ngoja. Ngoja. Pita! Pita sasa! Ah, umechelewa, rudi!" Nilimwamini Poni kwa maisha yangu zaidi ya watu wengi wa ukoo. Tukigombana asubuhi ilibidi tupatane kabla ya lori la kwanza.

Usukani ulikuwa afadhali. Mandazi alikuwa na injini inayochemka. Fundi wa Arua akaniambia dawa ni moja: fungua hita, joto la injini lije ndani kwa watu, radieta ipumue. Akaifungua, akaikaza, ikakwama hapohapo. Tangu siku hiyo Mandazi alipuliza hewa ya moto miguuni mwa abiria, mvua ije, jua liwake. Ndipo nilipompa hilo jina, kwa rangi na kwa joto, maana kuingia ndani yake ilikuwa kuingia kwenye karai. Watu wa Koboko waliokuwa wakiniita Mama Baridi kwa sababu ya kazi walifurahi sana. Chanjo nilizipanga nyuma kwenye buti, mbali na hita, nimezifunika kwa blanketi lenye maji. Zilisafiri kwa raha kuliko sisi.

Mengine yalikuwa madogo. Honi ililia yenyewe kila nilipokata kona ya kulia, basi kuna mzee wa kona ya soko aliyekuwa akinipungia mkono kila siku akidhani namsalimu. Mlango wa Poni ulifunguka kwa nje tu. Breki ya mkono ilikuwa mapambo, breki yenyewe ilikuwa jiwe. Na starta ilifanya kazi siku inayopenda, kwa hiyo nilimlaza Mandazi kwenye mteremko wa mbele ya ofisi, pua chini. Asubuhi naondoa jiwe, anashuka, naachia klachi, anakohoa, tunakwenda. Nilimpenda gari yule, wallahi. Nilimtukana kila siku, na mtu mwingine akimtukana namnunia wiki nzima.

Sasa nifike kwenye siku ya Lurujo, ambayo wengine mmeisikia kwa Poni. Poni huongeza chumvi. Hii ndiyo yenyewe.

Mzee Drani alikuwa amekwishastaafu. Lurujo walikuwa wamefika wakimbizi kutoka Sudan Kusini, kina mama na watoto wachanga, wamepewa hifadhi kwenye uwanja wa kanisa. Tuliambiwa tuwachanje haraka, kwa sababu kesho yake saa nne lori lingewachukua kuwapeleka makambini, mbali, kila familia na kambi yake. Wakishatawanyika hutawapata tena.

Asubuhi ile jirani wa ofisi alikuwa na harusi, na hema lake lilikuwa limefunga mteremko wangu. Mandazi alikuwa amelala tambarare. Nilitoa pakiti za barafu kwenye friza, nikazipanga kwenye beseni jekundu ili nizipeleke mezani kama kawaida. Simu ikalia. Alikuwa binti wa Mzee Drani. Akasema baba ameamka na maumivu ya tumbo, amekimbizwa hospitali ya Kuluva, wanampasua leo leo.

Baada ya hapo mikono yangu ilifanya kazi peke yake. Nakumbuka starta iliyokataa. Nakumbuka wanaume wa steji ya boda walioitwa kusukuma, wakimpeleka Mandazi mpaka kwenye hema na kumrudisha, na bwana harusi katoka na kanzu yake mpya kuja kusaidia. Ilichukua karibu saa nzima. Nakumbuka injini iliposhika, nikaiacha ingurume kwanza ipate nguvu, na mimi nimesimama nje najaribu kumpigia tena yule binti, simu haiendi. Halafu nakumbuka sanduku liko kwenye buti, limefungwa, na Poni anafika.

Alipoketi tu akaruka, kichwa kikagonga paa.

"Rukia! Hii kiti iko na maji! Nani amekojoa hapa?"

"Ni jerikeni ya radieta, itakuwa imevuja. Kaa tu, hita itakukausha."

"Nguo nyeupe hii! Kina mama watasema nini?"

"Watasema sista ana haraka. Kaa, Poni, tumechelewa."

Alinuna mpaka Lurujo. Hata lori alilonipitisha alilipitisha kwa kununa. "Pita," akasema, basi.

Tulichanja mpaka mchana. Watu wengi, uwanja mzima. Namkumbuka mmoja zaidi ya wengine, Keji, msichana tu kwa umri, mama wa kichanga cha kike, ametembea nacho siku kadhaa kutoka ng'ambo. Alimshika mtoto kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni wakati wa sindano, halafu akaipokea kadi na kuifunga kwenye ncha ya kitenge kwa mafundo mawili. Kile kitu alikithamini. Tukarudi Koboko, nikampigia tena yule binti, akasema baba ametoka chumba cha upasuaji, bado amelala.

Nikakaa mezani kujaza fomu. Mnaijua ile fomu: tarehe, mahali, chupa zilizotoka, chupa zilizorudi, na pale chini swali lenye kisanduku, kama pakiti za barafu zimetikiswa kabla ya kupangwa. Kalamu ikafika kwenye kisanduku, mkono ukakataa.

Nilitafuta ile sauti kichwani. Chwa, chwa. Nilikuwa nikiisikia kila asubuhi kwa miaka, na ya asubuhi ile haikuwepo. Nilitafuta meza, sikujiona mezani. Nilimwona bwana harusi, niliona hema, nilisikia simu. Pakiti nilizitoa friza, halafu ziko kwenye sanduku, na katikati hakuna kitu.

Niwaambie ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Ile fomu ningeweza kuiwekea alama. Hakuna ambaye angejua. Kesho lori lingeondoka na watoto wale, na kama chanjo ilikufa, ingekuwa imekufa mbali na jina langu. Nilikaa na kalamu ile muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaacha kisanduku wazi, nikampigia Poni.

"Poni, sikutingisha."

Akashusha sauti. Poni kushusha sauti ni habari.

"Umeambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi kesho tunaambia wale mama," akasema, akakata simu.

Zilikuwa zimerudi chupa chache ambazo hazikufunguliwa. Mnajua kipimo chetu, Mzee Drani alinifundisha hicho pia. Unachukua chupa moja ya namna hiyohiyo, unaigandisha makusudi mpaka imekufa kweli, unaiacha iyeyuke. Hiyo ndiyo maiti. Halafu unaishika mkono mmoja pamoja na ile unayoishuku, unazitikisa pamoja, unaziweka chini, unaangalia. Iliyoganda, ule weupe wake unakatika vipande, unashuka chini upesi na maji yanabaki maangavu kama ya mtungi juu yake. Nzima hubaki na ukungu wake. Inataka nusu saa ya macho. Nikaandika BARAFU kwenye chupa moja, nikaitia friza, nikaenda nyumbani.

Alfajiri nilisali, nikaitoa chupa. Hema la harusi lilikuwa limeshaondoka, lakini Mandazi bado alikuwa amelala tambarare. Niliweka mkono kwenye dashibodi yake, nikamwambia, leo usinifanyie. Akawaka mara ya kwanza. Poni aliyekuwa amejiandaa kusukuma alibaki amenyoosha mikono. Chupa yenye BARAFU ilisafiri mfukoni mwangu, kwa joto la gari lile, na tulipofika Lurujo ilikuwa imeyeyuka kitambo. Kwenye buti tulikuwa na sanduku jipya lenye chanjo nzima, pakiti zake nimezitikisa zote, moja moja, na baadhi mara mbili.

Lori lilikuwa limeshafika. Watu wanapandisha magodoro. Nilimwendea dereva, nikamwomba aningoje.

"Mama, mimi iko na safari. Unataka dakika ngapi?"

"Nusu saa."

"Nusu saa! Unazaa?"

Poni akamwambia kitu kwa Kikakwa ambacho sikukielewa, na dereva akazima injini.

Niliwaita kina mama wakazunguka gari. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yote yakapotea, nikasema tu ilivyo. Kwamba jana huenda nilipanga barafu vibaya. Kwamba huenda dawa iliganda, na ikiganda inakuwa maji. Kwamba leo nimekuja kuangalia, na kama imekufa tunachoma tena kabla hawajaondoka. Poni akatafsiri kwa wasioelewa. Keji akasogea mbele na mtoto wake.

"Jana ulichoma mtoto yangu. Akalia mpaka jogoo. Sasa unasema alilia bure?"

"Sijui, Keji. Ndiyo maana nimekuja."

"Na kama alilia bure?"

"Tunamchoma tena."

"Mguu gani?"

"Mwingine."

"Eeh, huyu mtoto atanichukia," akasema, lakini hakuondoka. Alisimama palepale, akiliangalia lile fundo la kitenge lenye kadi ndani, kama anayejiuliza kama amebeba karatasi tu. Sitasahau mtazamo ule. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilizishika chupa mkononi, maiti pamoja na tatu za jana, nikazitikisa kwa nguvu, nikazipanga juu ya paa la Mandazi. Boneti ilikuwa ya moto mno. Dereva wa lori akatoa saa yake bila kuombwa. Tukasimama wote kulizunguka gari, kina mama, watoto, dereva, katekista wa kanisa, kila mtu macho kwenye chupa nne ndogo.

Mwanzoni zote zilikuwa na ukungu sawa. Dakika tano, sawa. Nikaficha mikono kwapani. Halafu ile yenye BARAFU ikaanza kukatika. Vipande vyeupe vikaonekana, vikashuka taratibu, juu pakaanza kuwa maji matupu.

"Hii iko inakufa," dereva akanong'ona.

"Hiyo ilikufa jana. Angalia zingine."

Zile tatu hazikusogea. Dakika kumi na tano, ukungu. Ishirini, ukungu. Dereva alikuwa ameegemeza kidevu juu ya paa la Mandazi, pua karibu na chupa, amesahau safari. Ilipofika nusu saa, maiti ilikuwa imezama yote chini, na zile tatu zilikuwa nyeupe kutoka juu mpaka chini.

Nikasema, "Ni nzima." Nikasema tena, "Ni nzima zote. Hatuchomi." Nikaketi chini kwenye udongo mwekundu nikiwa na nguo ya kazi, nikacheka na kulia pamoja. Kina mama wakapiga vigelegele. Keji akamwinua mtoto juu, akazungumza naye kwa lugha yao, halafu akaniinamia.

"Mama, siku ingine kama iko sawa, usikuje. Umetisha mimi."

Niliahidi. Hata hivyo nilimwona alipopanda lori, akilishika lile fundo kwa mkono mmoja kama jana.

Lori lilipoondoka nilibaki na swali. Pakiti za friza bila kutikiswa, chanjo zingeganda, hiyo haina mjadala. Kwa nini hazikuganda? Poni alikuwa anakusanya vitu. Akafungua mlango wake, akainama kuangalia kilichokuwa kikimgonga kisigino njia nzima, akavuta kutoka chini ya kiti beseni jekundu. Ndani kulikuwa na maji kidogo.

"Na hii beseni ya barafu inatafuta nini huku?"

Tukaangaliana. Kisha Poni akageuka polepole, akajiangalia nyuma ya sketi, ingawa ilikuwa sketi nyingine.

"Rukia. Ile maji ya jana haikuwa ya jerikeni."

Beseni na pakiti zangu vilikuwa vimekaa kwenye kiti kile saa nzima tukisukuma gari, maji yakimwagika kila lilipoyumba, na injini iliposhika, hita ikazipulizia pakiti. Zilitoka jasho zote pale kitini. Nilipozipanga kwenye sanduku, akili yangu iko Kuluva, zilikuwa tayari. Mandazi aliyekataa kuwaka ndiye aliyengoja kwa niaba yangu, na sketi ya Poni ndiyo iliyokuwa shahidi, nami nikamwambia akae tu.

Jumamosi nilikwenda Kuluva. Mzee Drani alikuwa amekaa kitandani, amekonda, tumbo limefungwa bandeji, mkono mmoja umelishikilia. Sikumpa hata pole vizuri, nilimmwagia yote kutoka simu mpaka beseni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulitingisha?"

"Sikutingisha, Mzee. Kiti kilifanya."

"Kiti haina sikio," akasema. Nikainamisha kichwa. Nikasikia kitanda kinatikisika. Mzee alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu, amefumba macho kwa maumivu, ameshika mshono wake. "Sista! Sista, ita daktari, huyu mutoto atanipasua mara ya pili!" Alipotulia akaniuliza jambo moja tu. "Wale mama, uliambia?"

"Niliwaambia."

"Na ile fomu?"

"Niliacha wazi."

"Basi," akasema, akajilaza, na usingizi ukamchukua palepale. Nilikaa kando yake mpaka binti yake alipoleta uji.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mandazi hakuwa na bahati hiyo. Alichemka mara ya mwisho kwenye njia ya Arua, siku ya mvua, hita ikipuliza, Poni akisema "Ngoja, ngoja," na injini ikangoja moja kwa moja. Fundi alimchukua kwa vipuri. Nilimpa vyote isipokuwa kimoja.

Nyinyi sasa mna friji za sola, na kile kidude kidogo kinachopiga kelele baridi ikizidi. Nilipokisikia kikilia mara ya kwanza nilitaka kukibusu. Kosa linalia sasa, jamani, mshukuruni Mungu. Lakini kidude kinakaa ndani ya friji, hakipandi gari kwenda Lurujo. Zitikiseni. Mimi toka siku ile sijawahi kupanga pakiti bila kuisikia, na mpaka leo harusini nikipewa chupa ya maji yaliyoganda naiweka sikioni kwanza, watu waniangalie wanavyotaka. Siku niliyokabidhi funguo za stoo nililala kama mtoto. Fomu zote ziko kwenye faili, na ni moja tu yenye kisanduku wazi. Msiijaze.

Kile nilichobaki nacho kwa Mandazi ni kiti cha abiria. Nimekiweka kibarazani kwangu, kwenye miguu ya mbao, kinatazama barabara. Mgeni akija, hapo ndipo namkaribisha. Kimekuwa kikavu kwa miaka. Lakini Poni, kila akija kunitembelea kutoka Midia na mfuko wake wa karanga, kabla hajaketi anainama kwanza, anakipapasa kwa kiganja, kote, mpaka pembeni, halafu ananiangalia na kusema, "Sawa. Pita."